Crystal Chronicles ya 2020: wanne mnatoka jasho, manemane ya mmoja

Nimerudia gemu nyingi za Final Fantasy, za mfululizo mkuu na za pembeni, na hakuna iliyonipandisha hasira kama toleo jipya la Crystal Chronicles, gemu iliyotoka kwanza mwaka 2003. Picha zimesafishwa, sauti za waigizaji zimeongezwa, sawa. Lakini wameharibu kitu kimoja, na kitu hicho ndicho gemu yenyewe.

Msafara unatoka kijiji cha Tipa kutafuta manemane, matone ya mti ya kukinga kijiji na ukungu wenye sumu, na njiani unabeba kikombe kinachotengeneza duara la usalama. Ukimuua bosi wa pango, mti unatoa tone moja. Matone matatu yakijaza kikombe, mwaka umekwisha, mnarudi nyumbani. Mwaka 2003 tone lilikuwa la msafara mzima. Humu analipata mwenyeji peke yake, yule aliyefungua mchezo na kuwaalika wengine! Wenzake watatu wamebeba kikombe, wameponya, wamekufa na kufufuliwa, na vikombe vyao bado vitupu. Kwa hiyo wanne wakitaka kumaliza mwaka mmoja pamoja, wanaingia mapangoni mara 12 badala ya 3. Bosi yuleyule mara nne. Nani alikaa akaona hili ni sawa?

Na kucheza wanne mbele ya runinga moja kumefutwa kabisa. Ni mtandao tu. Zamani kila mtu alihitaji Game Boy Advance, kile kifaa kidogo cha gemu cha mkononi, na waya wake, na hiyo ilikuwa ghali na kero, sikatai. Ila kila kiskrini kilionyesha taarifa tofauti: huyu ana ramani, yule anaona hazina zilipo, mwingine maadui. Ilibidi mzungumze. Hata uchawi ulitaka mdomo: wawili wakilenga Fire, uchawi wa moto, mahali pamoja na kuachia kwa wakati mmoja, inazaliwa Fira, moto mkali zaidi. Sasa mtandao ukisuasua kidogo, mnapata Fire mbili za kawaida na adui anaendelea kuja.

Nilitaka kuandika msiiguse. Nalegeza kidogo, kwa sababu ukicheza peke yako kero hizi zote hazikufikii. Mog, kiumbe mdogo anayekusindikiza, anabeba kikombe (akichoka mpokee, na usitoke nje ya duara, ukungu unakula uhai haraka). Uchawi unauunganisha mwenyewe kwenye orodha ya amri: weka magisaiti (mawe ya uchawi) mbili zilizopakana, ziunganishe, basi. Muziki bado unanigusa vilevile.

Mkishupaa kucheza wanne, malizeni pango moja kwa zamu zote nne za mwenyeji kabla ya kugusa jingine. Mmoja akitangulia mwaka, mapango yake yanazidi kuwa magumu na waliobaki nyuma wanaanza kufa ovyo. Asiyetaka kununua anaweza kutumia toleo la bure akaingia kwa mwenyeji mwenye gemu kamili.

Hapana, nikikumbuka zile safari 12 hasira zinarudi. Wanne, tafuteni ile ya 2003, na waya zake zote.