Tathmini ya king'ora cha kaboni monoksidi: sauti ya uhakika, maelekezo ya hovyo

King'ora hiki cha betri, chenye ukubwa wa kiganja na alama ya kiwango cha Ulaya cha EN 50291, tulikifunga nyumbani kwetu Njombe kabla ya baridi ya Juni na Julai, majira ambayo familia nyingi za nyanda za juu huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha ili joto lisipotee. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina rangi, harufu wala ladha, na hushikamana na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mkaa uliokolea, usiotoa moshi hata kidogo, ndio unaowahadaa watu.

Nilichokipenda zaidi ni skrini inayoonyesha kiwango cha gesi kwa namba. Kwa mujibu wa kiwango hicho cha Ulaya, gesi ikifika sehemu 50 kwa milioni kifaa hulia kati ya dakika 60 na 90. Ikifika 100, kati ya dakika 10 na 40. Ikifika 300, ndani ya dakika 3. Wapo watakaoona huko ni kuchelewa. Mimi sioni hivyo, kwani madhara ya sumu hii hutegemea wingi wake pamoja na muda wa kuivuta, na king'ora kinachopiga kelele kila jiko linapowashwa kitachomolewa betri mapema.

Kililia kweli usiku mmoja, baada ya mgeni kuhamishia jiko sebuleni: milio minne ya haraka, kimya kifupi, kisha minne tena, huku skrini ikisoma 110. Bibi alitaka kwanza atafute kitenge chake, na kijana mmoja alikwisha kunyoosha mkono kwenye kitufe cha kunyamazisha. Kitufe hicho huzima sauti tu. Hewa hubaki vilevile. Tulitoka wote, mlango tukauacha wazi, tukahesabiana uani, kisha tukapiga 114 ya Zimamoto tukiwa nje, na hakuna aliyerudi ndani hadi tulipoambiwa kuwa ni salama.

Hayo yote hatukuyapata kwenye kijitabu cha maelekezo. Hakina Kiswahili, namba zake za dharura ni za nchi nyingine, na agizo la kutoka nje limefichwa nyuma ya kurasa za dhamana, jambo ambalo kwa kifaa cha kuokoa maisha halina udhuru. Hakisemi pia kwamba kuumwa kichwa, kizunguzungu na kutapika hudhaniwa kwa urahisi kuwa malaria. Dalili hizo zikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa pamoja, bila homa, na zikapungua wakiwa nje, sumu hii ndiyo ya kushukiwa kwanza. Hospitalini ni lazima kuitaja, kwa sababu kipimo cha kawaida cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakiwezi kuitofautisha na oksijeni, hivyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa anayehitaji oksijeni haraka.

Muuzaji alituambia kwamba kifaa hiki hunusa pia gesi ya mtungi. Si kweli. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, ilhali kaboni monoksidi huchanganyika na hewa ya chumba kizima, na king'ora chake hufaa kuwekwa karibu na wanakolala watu. Mlio mmoja mmoja wa mbali kwa mbali ni wa betri inayoisha. Kabla ya kulipa, geuza kifaa usome tarehe ya mwisho iliyochapwa mgongoni, kwa kuwa kihisio huchoka hata kama kitufe cha majaribio bado kinatoa sauti. Nitanunua cha pili kwa ajili ya chumba cha Bibi, na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili nitaibandika mwenyewe mlangoni.