Wish You Were Here ya Pink Floyd, chukua santuri nzima

Miaka yote nilijua huu wimbo wa Pink Floyd, bendi ya rock ya Uingereza, ambao jina lake maana yake ni "natamani ungekuwepo hapa", ni wa mapenzi tu, mtu kammisi mpenzi wake basi, nausikiliza kwenye simu ukiisha naruka kwenda mwingine. Sasa nimenunua santuri yenyewe, albamu ya 1975 yenye jina hilohilo, nimekaa nayo wiki mbili na aisee, kumbe nilikuwa sijausikia kabisa.

Siri iko kwenye mpangilio. Albamu ina nyimbo tano tu na huu uko upande wa pili, unafuata baada ya Have a Cigar, ngoma inayowasema wakubwa wa kampuni za muziki wanaosifia bendi wasiyoijua hata kidogo. Ile ngoma inapoisha sauti yote inanywea ghafla, inakuwa kama inatoka kwenye kiredio, halafu unasikia mtu anahamisha stesheni, watu wanaongea, kinapita kipande cha Simfoni ya Nne ya Tchaikovsky, mtunzi Mrusi wa muziki wa kiklasiki, hiyo walirekodi kwenye redio ya gari ya David Gilmour, mpiga gitaa wao, kisha linaingia gitaa jembamba linalosikika kwa mbali. Hapo Gilmour anaanza kupiga gitaa lingine juu yake, hili liko karibu kabisa na wewe, mpaka anakohoa unamsikia. Yaani ni kama kijana kajifungia chumbani anafuatisha redio peke yake. Upweke umeshakuingia na hakuna aliyeimba hata neno! Ukisikiliza kwenye spika ya simu yote hayo yanapotea.

Anayekosekana, yule anayetamaniwa awepo, ni Syd Barrett, kinara wao wa mwanzo na mtunzi wa nyimbo zao za kwanza. Akili yake ikayumba, huku akitumia LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone mambo yasiyokuwepo, na 1968 wakaendelea bila yeye. Juni 1975 wako studio za Abbey Road, London, wanashughulikia Shine On You Crazy Diamond ambao unamhusu yeye moja kwa moja, akaingia jamaa mnene, kanyoa kichwa na nyusi, wako naye humo humo ndani na hawamtambui. Ndiye Syd. Mimi hiyo habari inaniuma kila nikiiwaza.

Ila usiufanye wa Syd peke yake. Maneno ni ya Roger Waters, mpiga besi wao, na ubeti wa kwanza ni maswali mfululizo, anamuuliza mtu kama bado anaweza kutofautisha kizuri na kibaya, na kama alikubali kubadilisha nafasi ndogo vitani kwa nafasi ya ukubwa ndani ya kizimba. Hayo unaweza kumuuliza mtu yeyote aliyepo ila hayupo, hata mwenyewe kwenye kioo.

Kava nalo limebeba maana hiyohiyo, wanaume wawili wanapeana mikono na mmoja anawaka moto, moto wa kweli kabisa, walimtumia mtaalamu wa matukio ya hatari.

Kasoro ni ya nakala yangu, ina mkwaruzo unaosikika palepale kwenye lile gitaa la mwanzo ambapo pametulia kuliko kote, kwa hiyo kagua upande wa pili kabla hujalipa. Anayependa fidla atafute toleo la 2011 lenye rekodi ya mpiga fidla Stéphane Grappelli, kwenye wimbo wa kawaida ni vigumu sana kumsikia.

Nyota tano. Na ukifika mwisho usinyanyue sindano, ule upepo unaovuma ndio unaokuingiza kwenye nusu ya pili ya Shine On.