Uzoefu wangu na filamu ya slaidi ya Kodachrome 64, kutoka Mikindani

Filamu ninayoitolea maoni hapa haitengenezwi tena. Kampuni ya Kodak ilitangaza kuisitisha mwezi Juni 2009, na maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiisafisha, Dwayne's Photo ya mji wa Parsons katika jimbo la Kansas, Marekani, iliweka tarehe 30 Desemba 2010 kuwa siku ya mwisho ya kupokea filamu za wateja. Naandika kwa sababu ninaona vijana wapenda picha wakinunua mtandaoni filamu za Kodachrome zilizokwisha muda, wakiamini kwamba watapata zile rangi walizosimuliwa, na kwa sababu ninazo slaidi (picha ndogo za filamu zilizotiwa fremu ili zionyeshwe kwa projekta) zaidi ya mia sita nyumbani kwangu Mikindani ambazo zimenifundisha mengi kuliko karatasi ya maelezo iliyokuwa ikikunjwa ndani ya boksi.

Nilianza kuitumia mwaka 1988 nikiwa bwana shamba. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijiji vya Newala na Masasi kuwaonyesha wakulima wa korosho dalili za ubwiriunga, yaani ule ukungu unaoyapaka maua na majani machanga unga mweupe hadi maua yanakauka bila kuzaa, na kuwaeleza ni wakati gani hasa wa kupuliza salfa. Mtaalamu mmoja wa kigeni tuliyefanya naye kazi alikuwa akiniletea filamu, kila moja ikiwa na picha 36 na bahasha yake, kwa kuwa gharama ya kusafisha ilikuwa imekwisha kulipwa ndani ya bei. Nikimaliza kupiga, naitia filamu katika bahasha, naipeleka posta, nayo inakwenda hadi Lausanne, Uswisi. Slaidi zilirudi baada ya mwezi mmoja na nusu, na mara nyingine miwili. Leo watu wanaona jambo hilo kuwa mateso, lakini kwangu lilikuwa na manufaa yake, kwani nilijifunza kupima mwanga kwa makini nikijua kwamba msimu wa maua ungekuwa umepita kabla sijaona kosa langu.

Ubora wake mkubwa ulikuwa katika nyekundu na kahawia. Chipukizi la mkorosho si la kijani; lina rangi ya shaba inayoelekea wekundu, na unga wa ubwiriunga ukianza kutanda juu yake huwa mwepesi kama vumbi la muhogo kwenye kitako cha kinu. Picha za karatasi nilizosafishiwa mjini zilichanganya vitu hivyo viwili vikawa doa moja la kijivu, na mkulima akiziangalia alikuwa akitikisa kichwa kwa adabu tu. Kwenye Kodachrome unga ulijitenga na jani. Usiku mmoja karibu na Kitangari tulitundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa darasa, tukawasha jenereta ndogo, na slaidi ya tatu au ya nne ilipodondoka mbele ya taa ya projekta mama mmoja alisimama akauliza, «Bwana shamba, huo mkorosho si wa kwangu?» Haukuwa wake, lakini kesho yake asubuhi alinipeleka shambani kwake, na mikorosho yake saba ilikuwa na dalili zile zile.

Sasa nieleze kilichoifanya filamu hii iwe bora, maana ndicho hicho hicho kilichoiua. Waliobuni Kodachrome walikuwa wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky mdogo, na iliingia sokoni mwaka 1935 kama filamu ya sinema, kisha mwaka 1936 kama filamu ya slaidi. Filamu nyingine za rangi hubeba ndani yake kemikali za kutengenezea rangi. Kodachrome haikuwa nazo. Yenyewe ilikuwa tabaka kadhaa za picha nyeusi na nyeupe, kila moja ikipokea sehemu yake ya mwanga, na rangi ziliingizwa maabara, moja baada ya nyingine, kwa hatua nyingi zilizohitaji mashine kubwa na wakemia wa kuzisimamia. Ndiyo sababu ilikuwa nyembamba na picha zake zilikuwa kali kwenye kingo. Chukua slaidi ya Kodachrome, iinamishe dirishani upande usiong'aa, utaona picha imeinuka kidogo juu ya filamu, mistari ya majani na mikunjo ya nguo ikionekana kama nakshi kwenye mlango wa zamani wa hapa Mikindani. Nimewaonyesha wajukuu wangu jambo hilo mara nyingi nao hawalichoki.

Kwa kutojua utaratibu huo nilipoteza filamu moja nzima mwaka 1995. Bahasha ilikuwa imeloa mvua, nami nikashawishika kuipeleka filamu kwenye duka moja la picha jijini Dar es Salaam, ambako waliniambia kwamba filamu ni filamu. Waliisafisha kwa kemikali za picha za karatasi. Ilirudi tupu kabisa, utepe mweupe unaopitisha mwanga kama nailoni, kwa sababu kemikali zile ziliondoa madini ya fedha yaliyoshika picha na hapakuwa na rangi ndani ya filamu ya kubaki mahali pake. Ndani yake palikuwa na picha za midimu, yaani wachezaji waliovaa vinyago, wakicheza baada ya vijana kutoka jandoni, na wazee wawili waliokuwamo walifariki kabla sijarudi kijijini kwao. Mpaka leo naumia nikiikumbuka.

Kasoro nyingine ilikuwa ya filamu yenyewe. Kasi ya 64 ni ndogo, yaani filamu inahitaji mwanga mwingi, kwa hiyo chini ya mwembe wenye kivuli kizito ulihitaji mkono usiotikisika au stendi. Jua la saa sita lilikuwa baya zaidi: mzee aliyevaa kanzu nyeupe alitoka na kanzu iliyokwajuka kwa mwanga, au uso uliomezwa na giza, na kupata vyote viwili ilibidi usubiri saa kumi alasiri. Kamera za dijitali zimelitatua jambo hili vizuri, na simu ya binti yangu hupiga uso na kanzu bila taabu. Siwezi kulikana hilo. Velvia ya Fuji, filamu nyingine ya slaidi iliyotoka mwaka 1990, niliijaribu mara mbili nikaiacha, kwani ilikoleza kijani hadi mkorosho mgonjwa ulionekana mzima, na kwa bwana shamba hilo ni kosa lisilosameheka.

Kodak iliirudisha sokoni Ektachrome, filamu yake nyingine ya slaidi, mwaka 2018 kwa jina la E100, na mpwa wangu aliniletea mbili. Ni filamu nzuri, safi, na mabibo mekundu na ya manjano yalitoka kama yalivyo, ingawa vivuli vyake naviona vya baridi. Faida yake ni kwamba bado kuna maabara za kuisafisha nje ya nchi, na mtu mwenye subira aweza kuisafisha nyumbani kwa kemikali za boksi akitunza joto la nyuzi 38. Mwenye hamu ya slaidi anunue hiyo. Kodachrome yoyote utakayouziwa leo, hata kama imetunzwa kwenye friji, itasafishwa kuwa nyeusi na nyeupe tu.

Kuhusu kudumu, watu husema Kodachrome haipauki, na maneno hayo ni kweli nusu. Ikikaa gizani hudumu kuliko filamu nyingi za rangi za wakati wake. Mbele ya taa ya projekta, kinyume chake, hupauka upesi kuliko Ektachrome. Nimeliona kwa macho yangu, kwa sababu Agosti 1989 nilipiga picha mbili za shada moja la maua ya mkorosho, moja baada ya nyingine, bila kusogea. Moja niliizungusha vijijini kwa miaka tisa. Nyingine ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na mchele uliokaangwa, kuzuia unyevu wa bahari, nayo haikuonyeshwa kwa mtu.

Juma lililopita niliziweka zote mbili juu ya kioo cha meza ili nizihamishie kwenye kompyuta. Ile ya kopo ina wekundu wake wote, na unga unaonekana chembe kwa chembe. Ile ya vijijini imepoteza wekundu, na kwenye fremu yake kuna orodha ya vijiji niliyoiandika kwa kalamu ya risasi hadi nafasi ikaisha. Nimezihamisha zote mbili, na ile ya pili nimeihamisha pamoja na fremu yake.