Git kwa timu ya roboti: tumeitumia mwaka mzima hapa Malindi

Sisi ni timu ya wanafunzi wanane, roboti moja ya Arduino (bodi ndogo ya kompyuta inayoiendesha) na laptopu tatu. Kabla ya Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yenu, kazi yote ilikuwa kwa fleshi moja inayozunguka mkono kwa mkono, manake kila mtu na toleo lake, robotimpya, robotimpya2, robotimwishokabisa, halafu jioni mmoja anabandika yake juu ya ya mwenzake na kazi ya wiki nzima ishakwenda. Watoto walinuniana siku tatu kwa jambo hilo.

Git ni ya bure, Linus Torvalds aliianzisha 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, lakini mimi nimeipendea kitu kimoja, haikulazimishi uwe na intaneti. Kila laptopu inabeba historia yote, kwa hivyo unakomiti (unahifadhi kazi ilipofika, pamoja na ujumbe mfupi) hata kama stima zimepotea na bando limeisha, ukifika penye waifai ndio unasukuma GitHub, tovuti ya kuweka kazi za Git. Kwa huku kwetu hio ni kubwa sana jamani.

Sasa sikizeni. Siku moja kabla ya kwenda Mombasa kushindana, roboti ikaanza kuvutia kushoto. Tukakagua magurudumu, tukabadilisha betri, wapi! Toka ilipokuwa nzima tulikuwa tushakomiti kama mara 40. Msichana wetu mmoja akasema tujaribu git bisect, nayo inakupeleka katikati kama vile unavyotafuta neno kwenye kamusi, unajaribu roboti, unaiambia hapa nzuri au hapa mbovu, inakata tena nusu. Mara ya sita tukalipata kosa, namba moja tu ya spidi ya mota ya kulia imeguswa, na ujumbe umeandikwa "nimebadilisha kidogo". Wallahi nilimkumbatia yule mtoto. Siku hizi ujumbe wa namna hio hatuupokei, sema umegusa nini na kwa nini.

Pale isipofaa ni kwenye michoro ya bodi ya roboti, wawili wakiichora kwa pamoja Git haiwezi kuwaunganishia kama inavyounganisha programu, basi tunapeana zamu. Na video za majaribio wekeni kwengine, GitHub haipokei faili lililozidi MB 100.

Nyota 4 kwa 5. Timu inayoanza ifunzwe add (kuchagua ulichobadilisha), commit, pull (kuvuta kazi za wenzio) na push (kusukuma zako) kwanza, mambo ya branchi, yaani matawi ya kufanyia kazi pembeni, yangoje mwezi wa pili, sisi tulianza nayo siku ya kwanza na wawili nusura waache klabu.