Kozi ya utangulizi wa falsafa (tamaduni, jamii na uwajibikaji): maoni yangu baada ya kuimaliza

Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya utangulizi wa falsafa, ile inayohusu tofauti za tamaduni, jamii na uwajibikaji wa kimaadili, wiki nane za vidio, kusoma na kwizi, na nimeona niiandike vizuri kwa sababu kuna mahali imenibadilisha kabisa na kuna mahali imenikwaza. Nisiwazungushe, isomeni. Ila msiisome peke yenu, nitasema kwanini.

Mi niliingia na jibu langu mfukoni. Kila watu na mila zao, mwacha mila ni mtumwa, wewe ni nani umhukumu mwenzio. Nilikuwa naona hiyo ndo heshima yenyewe na mtu akiuliza zaidi namwona mkorofi tu.

Wiki ya pili wanaanza na kisa cha Herodotus, Mgiriki wa zamani aliyeandika historia. Mfalme Dario wa Uajemi aliwaita Wagiriki akawauliza, niwape nini mkubali kuwala baba zenu wakifa? Wakasema hakuna mali ya kutufanya tufanye hivo. Akaita watu wengine kutoka India, Wakalatia, ambao kwa mujibu wa Herodotus wao walikuwa wanawala wazazi wao waliokufa, akawauliza niwape nini mkubali kuwachoma moto kama Wagiriki wanavyofanya, wakapiga kelele wakimwomba asitamke maneno mabaya kama hayo. Nikasema si ndo hivo sasa, kila mtu na lake! Alafu mwalimu akauliza swali moja tu, hawa wote walikuwa wanagombania nini? Kumbe pande zote mbili zilikuwa zinamheshimu mzazi aliyekufa, wanatofautiana namna ya kuonyesha tu. Akaongeza kwamba watu kutokubaliana juu ya jambo haina maana jambo hilo halina jibu, maana watu walishabishana hata umbo la dunia na dunia haikubadilika umbo kwa ajili yao. Nilisimamisha vidio hapo nikakaa.

Kilichoniingia zaidi hata hivyo hakikutoka kwenye vidio. Kila wiki kuna kipindi kimoja cha laivu, na wiki ya tatu tulikuwa tunajadili mila ya watu fulani, kamera karibu zote zimezimwa, kila mtu anasema tuwaache na utamaduni wao. Mwenzetu mmoja akawasha kamera akasema taratibu, hao mnaowasema ni kwetu, na mama yangu aliikataa hiyo mila akatengwa na ndugu zake, sa mnaposema tuwaache, mnamwacha nani? Kimya. Yaani mimi miaka yote nikisema "utamaduni wao" nilikuwa nasikiliza wale wenye sauti tu, yule anayeumia ndani ya utamaduni huohuo sikuwahi kumhesabu, na nilikuwa naiita heshima!

Kuanzia hapo masomo yakapata uzito. Wanafundisha kwamba mwaka 1947 chama cha wanaanthropolojia wa Marekani (wataalamu wanaochunguza tamaduni za watu) kiliiandikia Umoja wa Mataifa kikihofia kwamba tamko la haki za binadamu litakuwa la Wamagharibi tu wakiwavalisha wengine. Hofu ya haki kabisa, ukikumbuka ukoloni ulikuwa bado upo. Lakini kwenye kuliandika alikuwemo Mchina Peng Chun Chang, Charles Malik wa Lebanon na Hansa Mehta wa India, mama aliyesimamia maneno "wanaume wote" yasibaki pale mwanzoni, iwe "binadamu wote". Likapitishwa tarehe 10 Desemba 1948, nchi 48 zikikubali, 8 zikajizuia, hakuna iliyopinga. Na ibara ya 29 inasema mtu ana wajibu kwa jamii yake, hiyo sikuijua kabisa, nilidhani ni haki haki mwanzo mwisho.

Sasa lawama yangu. Sehemu ya jamii wameikimbiza mno. John Mbiti, mwanafalsafa Mkenya, na ile kauli yake ya 1969 kwamba niko kwa sababu tuko, kapewa dakika chache kama salamu. Ifeanyi Menkiti, mwanafalsafa wa Nigeria anayesema utu mtu anaupata kadiri anavyoishi na wenzake, na Kwame Gyekye wa Ghana anayemjibu kwamba jamii ni muhimu sawa lakini mtu ana akili na uamuzi wake na anaweza kuikosoa jamii hiyohiyo, wamewekwa kwenye usomaji wa hiari! Mbishano huo ndo ungemjibu yule mama aliyetengwa. Na sisi tunaongea Kiswahili tungeuelewa haraka mno, maana tunasema kila siku "yule hana utu" kwa mtu mwenye mikono na miguu yote, ndo Menkiti huyo. Swali linalobaki ni nani ana mamlaka ya kutamka huyu ana utu na huyu hana, na hapo ndo Gyekye anahitajika.

Levinas, mwanafalsafa wa Ufaransa anayesema uso wa mwenzio unakudai umjali kabla hujaamua chochote, wamemweleza vizuri, japo kusoma maandishi yake mwenyewe ni kazi. Iris Marion Young, mwanafalsafa wa Marekani, ndo kanimaliza. Anasema shati ulilovaa likiwa limeshonwa na mtu anayenyanyaswa kiwandani, huna hatia kama mwenye kiwanda ila unawajibika kwa sababu umo kwenye mnyororo huo, na uwajibikaji wake unaangalia mbele, mnafanya nini pamoja kuanzia sasa. Tangu hapo naangalia lebo kwenye kola.

Alafu baada ya yote hayo mtihani ni wa kuchagua a, b, c, d. Insha moja tu, nikakesha nayo siku nne nikiandika kuhusu yule mama, ikarudi na 17 kwa 20 bila neno hata moja pembeni. Sikutaka maksi, nilitaka mtu anibishie.

Kwahiyo tafuta mwenzio hata mmoja msome wote, ikiwezekana aliyelelewa tofauti na wewe, na usomaji wa hiari wa wiki ya tano (hao Menkiti na Gyekye) muuweke kabla ya kipindi cha laivu cha wiki ya tatu.