Lenzi ya kubana kwenye simu: nimepiga nayo picha za wadudu wa bustanini Dodoma tangu Desemba

Nilinunua hii lenzi hapa Dodoma mjini kwenye duka la vifaa vya simu, sh 22,000 baada ya kupatana. Ni kile kilenzi cha makro (cha kupigia picha vitu vidogo kwa karibu sana) unachokibana juu ya kamera ya simu kwa kibanio kama cha kuanikia nguo. Muuzaji akaniambia inavuta hadi ndege aliye juu ya mti, nimefika nyumbani nikaielekeza kwenye mwarobaini naona ukungu mtupu, siku mbili nzima najua nimepigwa hela yangu. Ukweli ni kwamba hii haivuti kitu cha mbali hata kidogo, inataka usogee mpaka sentimita 2 au 3 kutoka kwa mdudu, ukirudi nyuma kidogo tu picha inapotea. Nilikuja kuelewa siku nilipojaribu kwa sisimizi wanaopanda mpapai.

Aisee baada ya hapo sikukaa ndani tena. Mvua zilivyoanza wadudu wakajaa, nikampata vunjajungu wa kijani kwenye mchicha, miguu ya mbele ina miiba kama msumeno, na kwenye jicho kuna kidoa cheusi ambacho ukihamia kulia kinahama na wewe, ukirudi kushoto kinarudi, yaani kama anakukagua. Kumbe ile si mboni. Jicho lake ni vijicho vingi vimepangwa pamoja, na vile vinavyokuelekea wewe moja kwa moja vinaumeza mwanga bila kuurudisha, ndo maana pale panaonekana peusi.

Ila kilichonilipa hela yangu ni kunde. Kila mwaka vidukari wananimalizia kunde, na pamoja nao nilikua naona vidudu vyeusi virefu vyenye vimiiba mgongoni na alama za rangi ya chungwa, navyo nikawa naviua nikijua ni wezi walewale. Asubuhi moja nikapiga picha, nikaikuza kwenye skrini, kidudu kimemshika kidukari mdomoni kinamla! Nikaipandisha picha kwenye iNaturalist (programu ya bure, inakupa kisio la jina halafu watu wengine wanathibitisha au wanakurekebisha), kumbe ni watoto wa kale kadudu ka mviringo kekundu chenye madoa meusi. Nimeumia sana kwa wote niliowaua. Dawa sijapuliza tena kwenye lile tuta.

Sasa kuhusu matumizi, upepo wa Dodoma mnaujua, mchana usijisumbue, jani likitikisika kidogo fokasi imekimbia. Mimi natoka saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 2, wadudu wengi bado wana baridi hawajaanza kurukaruka, nashika shina kwa mkono wa kushoto, kiwiko cha kulia nakiegemeza kwenye goti, napiga hata picha 20 nipate 1 nzuri. Kama simu yako ina kamera tatu, funika moja moja kwa kidole ujue ipi inafanya kazi ndo ubane juu yake, na kava nene litoe kwanza.

Nyuki wadogo nao wamejenga kwenye ufa wa ukuta wa jirani yangu, wameweka kale kamrija ka nta mlangoni na walinzi wamekaa wamepanga duara wanachungulia nje. Mzee alikua ameshakoroga simenti aizibe ile nyufa. Nikamwambia shikamoo babu, hebu angalia hii kwanza. Aliishika simu muda mrefu, akasema "marahaba mjukuu wangu, kumbe wana macho hivi", ile simenti akaenda kuziba nayo sehemu nyingine.

Mabaya yake yapo. Pembeni mwa picha panakua na ukungu na virangi rangi, katikati tu ndo pamenyooka. Kinyonga na mijusi sahau, hawaenei. Vumbi letu nalo likiingia kwenye kioo usifute na kanga, puliza kwanza, mimi nimeshakikwaruza kidogo. Halafu sponji ya kibanio ilibanduka mwezi wa pili, nimerudi dukani wakakataa kunibadilishia, nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli nikakigundisha pale, tangu hapo haijateleza.