Nyota 4 kwa kliniki ya methadoni, hasa dawati la ustawi wa jamii (kama ndugu yako ana kesi soma mpaka chini)

Nyota nne kati ya tano. Dawa yenyewe ningeipa tano bila kufikiria, hiyo moja nimeinyofoa kwa ajili ya wikiendi, nitaeleza.

Ni kliniki moja ya MAT hapa Dar, yaani ya kutibu waraibu wa heroini kwa dawa mbadala ya methadoni, ipo ndani ya hospitali ya serikali, jina naliacha sababu sitaki mtu pale aitwe kuhojiwa kwa ajili yangu. Hizi kliniki sio ngeni tena, Muhimbili walianza 2011, Mwananyamala 2012, Temeke ikafuata, siku hizi zipo mpaka Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Watu wengi wanajua ile habari ya dirishani tu, teja anaenda asubuhi anakunywa dawa anaondoka. Sasa mimi nataka kuongelea chumba cha pembeni, kile wanachokiita Ustawi wa Jamii, maana kama mgonjwa wako ana kesi mahakamani basi ujue kitakachomuokoa ni hicho chumba kuliko hilo dirisha.

Mdogo wangu alikuwa kwenye unga miaka mingi, familia imeshauza na kuibiwa mpaka tumezoea. Alivyofikishwa hapo alikuwa nje kwa dhamana, kesi ya wizi wa betri ya bajaji, mahakama ya mwanzo. Kwanza ujue hauendi tu getini ukasema nimeleta mgonjwa. Sisi tuliunganishwa na asasi inayofanya kazi na vijana wa maskani, wao ndio wakampeleka, akahudhuria vikao vyao kwanza ndio akapelekwa kliniki. Nilikasirika mwanzoni nikaona wanatuzungusha, lakini ukweli ni kwamba ukimuanzishia mtu dawa ya kila siku na hajaamua, wiki ya pili humuoni.

Siku ya usajili ndio nilimuona huyo ofisa ustawi, vijana wenyewe wanamwita Mama Ustawi. Alimuuliza yale ya kawaida, unavuta au unajidunga, kete ngapi kwa siku, ulishapima virusi, homa ya ini, TB. Halafu akaweka kalamu chini akamuuliza, mwanangu una kesi? Dogo akaniangalia mimi. Mie nilishamwambia asiseme, si unajua tena hospitali ya serikali, tukadhani watamkataa. Mama akasema, "Sikuulizi nikushitaki, nakuuliza nijue siku usiyokuja upo wapi." Akaandika namba ya kesi, mahakama, tarehe ya kutajwa, jina la mdhamini, simu ya mjumbe wetu. Nyuma ya faili kabisa, wino mwekundu.

Kwa ambao hamjui dawa inavyoenda: methadoni ni ya maji, anakunywa mbele ya muuguzi, anapewa maji juu yake na anaongeleshwa kidogo ili wawe na uhakika amemeza, kuna wajanja wanaitunza mdomoni wakaiuze. Wanaanza na dozi ndogo, miligramu 30 au chini ya hapo, wanapandisha taratibu mpaka arosto (yale mateso ya mwili ukikosa unga) ikate. Inakaa mwilini siku nzima na zaidi ndio maana ni mara moja tu kwa siku, ila ni kila siku, Idi kila siku, Krismasi kila siku. Ni bure. Nauli ndio sio bure, na hapo wengi wanakwama, mtu anatoka Chanika au Bunju kila asubuhi hana kazi, hiyo hela inatoka wapi.

Sasa nije kwenye wikiendi. Ijumaa usiku polisi walifanya msako maskani wakazoa wote waliokutwa, uzururaji. Yeye alienda pale kumdai mtu hela yake, ndivyo alivyosema, sijui, tuyaache. Jumamosi asubuhi nimefika kituoni dogo anapiga miayo, kamasi zinamtoka, ameanza kushika tumbo. Namwambia askari huyu ana dawa ya kila siku, ananijibu dada hapa sio hospitali lete karatasi. Nikakimbia kliniki. Dirisha lipo wazi, muuguzi yupo, anamjua dogo kwa jina, ananiambia pole sana lakini barua anaandika ustawi na ustawi ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Namba ya Mama Ustawi? Haruhusiwi kuitoa. Yaani dawa inafanya kazi siku saba na ofisi siku tano, na msako polisi wanafanya Ijumaa usiku, jamani nani alipanga hii?

Jumatatu Mama Ustawi alivyoingia tu hata mkoba hajaweka chini nikamuwahi. Hapo ndio nikaona tofauti ya mtu anayeijua kazi yake. Hakuandika barua ndefu ya "kwa heshima na taadhima". Nusu ukurasa: namba ya mgonjwa, yupo kwenye matibabu ya serikali, dozi miligramu 80, mara ya mwisho kunywa Ijumaa asubuhi, anatakiwa kunywa kila siku mbele ya muuguzi, tunaomba aletwe kliniki chini ya ulinzi kisha arudishwe, simu hii hapa. Muhuri. Alafu akapiga simu mwenyewe kwa mkuu wa kituo, sauti ya kawaida kabisa, afande shikamoo, nina kijana wangu hapo kwako. Kabla ya saa sita dogo yupo dirishani na pingu, askari pembeni yake. Ila kwa kuwa zilikuwa zimepita siku tatu tangu anywe mara ya mwisho hawakumpa zile 80, wakampunguzia wakaanza kupandisha tena, maana mwili unasahau haraka na dozi yake ya zamani ingeweza kumzimisha. Ndugu wengi hawalielewi hili wanaona daktari mnoko. Na ni hatari hiyo hiyo inayowaua vijana wanaotoka gerezani, anarudi maskani anapiga kiasi kile cha zamani, hazinduki.

Kesi ya betri ilivyofika mwisho alikiri. Hakimu kabla ya adhabu akataka ripoti ya ofisa probesheni, yule anayechunguza kama mtu anafaa adhabu ya nje ya gereza, huyo yupo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na Mama Ustawi ni wa afya, ofisi mbili tofauti hazijuani kabisa. Huyu probesheni alikuja mpaka nyumbani, akaongea na mama yetu, mjumbe, mpaka mwenye betri. Kliniki ikampa maelezo ya mahudhurio, kwa ridhaa ya dogo, alisaini, na hili naliheshimu sana hawakutoa mambo ya vipimo vyake wala waliyoongea kwenye ushauri nasaha, ni mahudhurio na maendeleo basi. Akapewa kutumikia jamii, kile watu wanaita kifungo cha nje, kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 ambayo inagusa wanaostahili kifungo kisichozidi miaka 3.

Tukashangilia. Kumbe kazi yenyewe ni kufagia na kufyeka kwenye zahanati ya kata, kuanzia saa moja na nusu asubuhi! Na dirisha la dawa ni asubuhi, upande mwingine wa mji. Akienda dawa anachelewa kazi anaandikiwa utoro anarudishwa kwa hakimu, akienda kazi anakosa dawa, na wote tunajua teja mwenye arosto na geti la zahanati lipo wazi kinafuata nini. Hakuna mtu mbaya hapo, ni ofisi mbili kila moja imepanga ratiba yake kama vile mwenzake hayupo. Aliyezikutanisha ni yule mama, kwa simu yake, vocha yake. Wakakubaliana dogo aanze kazi saa nne na msimamizi wa zahanati apewe taarifa kwa maandishi. Dakika kumi za simu.

Basi hapa ndio lawama yangu kubwa, sio kwake, kwa waliompanga. Mambo yote haya yapo kichwani kwa mtu mmoja na kwenye kaunta buku. Alivyoenda likizo wakaachwa wanafunzi wa fildi, watoto wazuri wana heshima, ila kila ukifika unaanza hadithi upya, mara kesi gani, mara mahakama ipi, tarehe ya kutajwa ya kijana mwingine tuliyekuwa tunakaa naye benchi ilipita hakuna aliyemkumbusha, hati ya kukamatwa ikatoka. Nilimwambia mkuu wa kliniki, na narudia hapa: wekeni orodha ya tarehe za mahakama ukutani ndani ya ofisi, tengenezeni ile barua iwe fomu muuguzi wa wikiendi aijaze na kupiga muhuri, muwe na simu ya ofisi sio ya mtu. Alinisikiliza akaandika. Fomu sijaiona mpaka leo.

Kwa anayetaka kupeleka ndugu yake: kesi isifichwe, itajwe siku ya kwanza. Kama anameza dawa za TB wataarifu mapema sana, rifampisini, mojawapo ya hizo dawa, inaishusha methadoni mwilini, dogo mmoja pale alidhaniwa anatumia tena kumbe dozi ndio imekuwa ndogo. Piga picha kadi yake ya kliniki uwe nayo kwenye simu, uandike na kiwango cha dozi kila kikibadilika, kituoni itakusaidia japo kidogo. Barua omba moja ya akiba siku ya kazi, Mama Ustawi anatoa akiona kesi ipo, ila ina tarehe kwa hiyo uwe unairudisha ibadilishwe. Nenda kati ya saa tano na saa saba, foleni ya dirishani inakuwa imeisha na yeye anakuwa hajaenda kula. Kile chumba hakina kibao upande wa nje, pita duka la dawa, mlango wa pili kulia.